Kusikiliza Volkano: Jinsi Mitetemo ya Ardhi Inavyoonyesha Palipo na Mvuke

Nishati ya jotoardhi huhitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja: joto, maji na nyufa. Joto hutoka kwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopanda kutoka vilindini na kutulia kilomita chache chini ya volkano. Maji ni ya mvua iliyozama ardhini zamani. Nyufa ndizo njia: pasipo nyufa maji hayalifikii joto, na hata yakilifikia hayapandi juu kwa wingi wa kuzungusha mtambo wa umeme. Kimoja kikikosekana, kisima hugeuka shimo lisilo na faida, na shimo hilo huwa la kilomita 2 au 3 na limegharimu mamilioni ya dola.

Dalili za juu ya ardhi huonekana bila chombo chochote. Mvuke hutoka kwenye matundu, chemchemi huchemka, udongo hubadilika rangi, nyasi hukauka palipo na joto. Kwa mradi mdogo dalili hizo zilitosha. Huko Kiabukwa, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1952, maji ya chemchemi yenye nyuzi 91 za Selsiasi yalitumiwa kuzalisha kilowati 200 hivi za umeme kwa ajili ya mgodi, na huo ndio ulikuwa umeme wa kwanza wa jotoardhi Afrika. Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, ilikuwa kazi ya namna nyingine. Mwaka 1956 uchimbaji wa visima viwili ulianza kwa kufuata dalili za juu, navyo havikutoa mvuke wa kufaa. Kazi ikasimama. Utafiti ulirudi miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mvuke ukapatikana, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa mwaka 1981. Tangu uchimbaji wa kwanza hadi umeme wa kwanza ilipita miaka 25.

Tatizo la Olkaria ndilo tatizo la kila volkano. Mvuke unaotoka juu huenda umesafiri kwa mshazari kupitia mpasuko, umbali wa kilomita nzima au zaidi, kabla ya kupata tundu la kutokea. Kuchimba hapo unapotokea ni kama kutafuta moto mahali upepo ulikopeleka moshi. Swali ni jinsi ya kuona ndani ya mwamba kabla ya kuutoboa. Mwanga haupiti mwambani. Umeme hupita, lakini huenda ukitawanyika na picha yake huwa na ukungu. Mtetemo hupita, husafiri mbali, na hubadilika kila unapoingia katika mwamba wa aina nyingine. Kwa sababu hiyo wanajiolojia huusikiliza.

Tetemeko la ardhi, hata lile dogo mno ambalo hakuna mtu anayelihisi, hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopenya ndani ya mwamba. La kwanza kufika kwenye kipimatetemeko ni wimbi la msukumo: mwamba hubanwa na kuachiliwa, ukabanwa tena, kama mabehewa ya treni yanayogongana kwa zamu. La pili huchelewa. Hilo huusukasuka mwamba upande kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini inavyotikiswa. Katika mwamba mgumu wimbi la kwanza huenda kilomita 5 au 6 kwa sekunde, na la pili kama kilomita 3 na nusu. Kwa hiyo kila sekunde moja ya tofauti kati ya mafiko yao humaanisha kwamba tetemeko lilitokea umbali wa kilomita 8 hivi. Vituo vinne au zaidi vikilinganisha saa zao, mahali pa tetemeko na kina chake hujulikana.

Wimbi la pili lina tabia moja ambayo utafutaji wa jotoardhi unaitegemea sana. Halipiti kwenye kimiminika. Kamba ikitikiswa hurudi mahali pake kwa sababu nyuzi zake zimeshikana. Maji hayana mshiko huo, na magma iliyoyeyuka haina pia. Basi kukiwa na chumba cha magma kati ya tetemeko na kipimatetemeko, wimbi la kwanza litafika likiwa limechelewa kidogo, na la pili litadhoofika au lisifike kabisa. Nyuma ya chumba hicho hubaki kivuli.

Kivuli hicho ndicho kilichogundua magma ya Krafla, kaskazini-mashariki mwa Iceland. Kituo cha umeme wa jotoardhi kilikuwa kinajengwa hapo katikati ya miaka ya 1970 wakati volkano ilipoamka; milipuko na mipasuko ya ardhi iliendelea tangu 1975 hadi 1984. Ardhi ilitetemeka mfululizo, na vipimatetemeko vilinasa yote. Mwaka 1978 mwanajiofizikia Páll Einarsson alionyesha kwamba mawimbi ya pili yaliyovuka chini ya kaldera, yaani bonde la volkano iliyobomoka, yalikuwa yanapotea, huku yale yaliyopita kandokando yakifika salama. Kwa kuchora njia za mawimbi yaliyopotea na za yale yaliyofika, alipata umbo la eneo lenye magma kati ya kina cha kilomita 3 na 7. Hakuna aliyechimba hata mita moja kupata jibu hilo. Volkano yenyewe ilitoa mawimbi, na kazi ya binadamu ilikuwa kuyapokea na kuyapanga.

Katika Bonde la Ufa njia hiyo ilianza kwa vipimo vikubwa. Mradi wa kimataifa uliojulikana kwa jina la KRISP ulifanya kazi Kenya mwaka 1985, 1990 na 1994, ukitumia milipuko iliyopangwa, mingine ikiwa ndani ya maziwa ambako maji huupokea mshindo vizuri na kuupeleka ardhini. Matokeo yake yalionyesha kwamba gamba la dunia chini ya bonde lina unene wa kilomita 35 hivi upande wa Naivasha, na linapungua hadi karibu kilomita 20 upande wa Turkana. Huo ni ujuzi wa msingi, unaoeleza kwa nini joto limepanda katika ukanda huo. Lakini mtu anayetafuta mahali pa kusimamisha mtambo wa kuchimbia hawezi kutumia ramani ambayo alama zake zimepishana kwa makumi ya kilomita. Mwaka 1996 mtandao wa vipimatetemeko uliwekwa Olkaria kwenyewe, katika utafiti wa Silas Simiyu, Mkenya ambaye baadaye aliongoza shirika la serikali la kuendeleza jotoardhi, GDC, na G. Randy Keller wa Marekani. Vilinasa matetemeko madogo kwa miezi kadhaa, na vikaonyesha kwamba mawimbi ya pili yanadhoofika kilomita kadhaa chini ya sehemu mahususi: kilima cha Olkaria, Gorge Farm na Domes. Eneo lililodhaniwa kuwa na chanzo kimoja cha joto likaonekana kuwa na vyanzo kadhaa. Sehemu ya Domes ndiyo iliyokuja kubeba visima vingi vya Olkaria IV, mtambo wa megawati 140 ulioanza kazi mwaka 2014.

Picha yenyewe hutengenezwaje? Mfano wa karibu ni CT scan ya hospitali. Mashine ile humpiga mgonjwa miale kutoka pande nyingi, na kompyuta hulinganisha ni kiasi gani cha mwale kimepotea katika kila njia, kisha hujenga umbo la ndani. Katika ardhi miale ni mawimbi ya matetemeko, na badala ya kupotea kwa mwale huangaliwa zaidi muda wa safari. Kompyuta huigawa ardhi katika vijisanduku, hukisia kasi ya wimbi katika kila kijisanduku, hukokotoa saa ambayo wimbi lingefika, kisha hulinganisha na saa lililofika kweli. Tofauti ikionekana, makisio hurekebishwa, na hesabu hurudiwa hadi tofauti iwe ndogo. Kuna jambo ambalo watu wa nje hulisahau: daktari anajua mwale umetoka wapi, ila mwanajiofizikia lazima atafute mahali pa tetemeko na umbo la ardhi kwa wakati mmoja, na kosa katika kimoja huharibu kingine.

Kasi peke yake haielezi mengi. Mwamba ukiwa na joto kasi hupungua, lakini hupungua pia ukiwa na nyufa au ukiwa wa majivu laini. Uwiano wa kasi za mawimbi mawili husaidia zaidi. Katika mwamba wa kawaida wimbi la kwanza ni kama mara 1.73 ya kasi ya la pili. Nyufa zikijaa maji, uwiano huo hupanda, kwa kuwa maji hayabaniki kwa urahisi na hulilinda wimbi la kwanza, wakati wimbi la pili hupunguzwa kasi na nyufa. Nyufa zikijaa mvuke, uwiano hushuka, kwa kuwa mvuke hubanika. Hivyo picha ya uwiano inaweza kutenganisha palipo na maji na palipo na mvuke, kitu ambacho mchimbaji angelipa sana kukijua mapema.

Nyufa nazo huacha alama yake. Wimbi la pili likiingia katika mwamba wenye nyufa zilizopangika upande mmoja hugawanyika vipande viwili: kinachotikisika sambamba na nyufa hutangulia, kinachotikisika kuzikata huchelewa. Mwelekeo wa kile kilichotangulia ndio mwelekeo wa nyufa. Visima vya siku hizi huchimbwa wima kwanza, halafu hupindishwa ili vikate nyufa nyingi iwezekanavyo, kwa hiyo mwelekeo huo huamua kisima kipinde upande gani.

Lakini alama yenye thamani kuliko zote pengine ni mahali matetemeko yanapokoma. Mshumaa baridi ukikunjwa huvunjika. Mshumaa ulioota jua hupinda bila sauti. Mwamba ni vivyo hivyo. Ukiwa baridi huvunjika na kutoa tetemeko, na joto likizidi nyuzi mia kadhaa hunyumbuka kimya. Kwingine matetemeko hushuka kilomita 15 au zaidi. Chini ya volkano yenye joto sakafu hiyo hupanda juu sana. Katika Krafla matetemeko mengi huishia karibu na kina cha kilomita 2. Ukichora vina vya mwisho vya matetemeko ya eneo zima unapata ramani ya joto, na pale sakafu inapoinuka kama kichuguu ndipo moto ulipo karibu. Njia hii haihitaji hesabu ngumu. Inahitaji vipimatetemeko vizuri na subira.

Wanaofahamu utafutaji wa mafuta huuliza kwa nini isitumiwe njia yao, ambayo malori mazito huitikisa ardhi kwa makusudi na mwangwi unaorudi hunaswa na mamia ya vipokezi. Katika miamba mashapo, iliyolala tabaka juu ya tabaka, mwangwi hurudi safi. Volkano haikulala hivyo. Lava imefunika majivu, majivu yamefunika lava, mipasuko imekata yote karibu wima, na wimbi likiingia humo hutawanyika kila upande kama tochi ndani ya ukungu. Gharama nayo ni kubwa, na malori hayapandi kila kilima. Hata hivyo njia hiyo isitupwe. Huko Larderello, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, ambako Piero Ginori Conti aliwasha balbu tano kwa mvuke mwaka 1904, mwangwi umeonyesha tabaka linaloakisi kwa nguvu ya ajabu, ambalo watafiti huliita upeo wa K. Mwaka 2017 kisima cha Venelle-2 kilirefushwa kulifuata na kufikia kina cha kama mita 2,900, ambako joto lilizidi nyuzi 500.

Siku hizi vipimo vingi havingoji hata tetemeko. Mawimbi ya bahari yanapopiga pwani na kugongana katikati ya bahari huitikisa dunia mchana na usiku, kwa mtikisiko mdogo unaofika mpaka katikati ya bara. Zamani ulihesabiwa kuwa kelele ya kuchuja. Miaka ya 2000 Nikolai Shapiro na Michel Campillo walionyesha kwamba kelele iliyorekodiwa kwenye vituo viwili kwa muda mrefu, ikilinganishwa, hutoa kasi ya wimbi linalosafiri kati yake, kana kwamba kituo kimoja kimegeuka chanzo cha tetemeko. Huko Reykjanes, Iceland, watafiti walitumia waya wa mawasiliano wa nyuzi za kioo uliokwisha kuzikwa ardhini, wa urefu wa kilomita 15, nao ukasoma mtikisiko katika kila sehemu yake na kuonyesha mipasuko.

Pamoja na hayo yote, picha ya mitetemo ina mpaka, na mpaka huo lazima usemwe waziwazi. Wimbi linalokwenda mita 5,000 kwa sekunde na kutikisika mara 10 kwa sekunde lina urefu wa mita 500. Kitu kilicho chembamba sana kuliko urefu huo hakionekani vizuri, na mawimbi ya mtikisiko wa haraka zaidi, ambayo yangekionyesha, ndiyo yanayomezwa upesi na mwamba wa moto. Mwaka 2009, hapohapo Krafla ambapo kivuli cha magma kilikuwa kimechorwa miaka 31 kabla, mradi wa Iceland wa kuchimba visima vya kina kirefu, IDDP, ulikuwa unachimba kisima kilichopangwa kwenda kilomita 4 na nusu. Kilipofika mita 2,100 hivi keekee ilikwama, na vipande vilivyoletwa juu vilikuwa kioo kibichi cha volkano: kisima kilikuwa kimeingia kwenye magma ya joto la nyuzi 900 hivi, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Kisima hicho kilitoa mvuke wa nyuzi 450, kikawa miongoni mwa vyenye joto kubwa zaidi duniani, kisha kikafungwa mwaka 2012 baada ya vali zake kushindwa. Kenya nayo ilikutana na jambo hilo ndani ya kaldera ya Menengai, karibu na mji wa Nakuru, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011: baadhi ya visima vilileta kioo cha magma kutoka kina cha kilomita 2 tu. Ramani hazikuwa za uongo. Zilionyesha chumba kikubwa cha chini, zikashindwa kuonyesha kijichumba chembamba kilichopanda juu yake.

Ndiyo maana hakuna mtaalamu makini anayechagua mahali pa kisima kwa mitetemo peke yake. Vipimo vya magnetoteluriki hutumia umeme wa asili wa dunia kutafuta tabaka la udongo mfinyanzi, ambalo hupitisha umeme kwa urahisi na huwa kama kifuniko cha chungu juu ya maji ya moto. Vipimo vya uvutano huonyesha palipo na mwamba mzito. Kemia ya gesi na maji ya chemchemi hukadiria joto la chini. Mfinyanzi huonyesha kifuniko, mitetemo huonyesha moto na nyufa, na kemia hueleza kilichomo chunguni. Pale vipimo vyote vinapokubaliana ndipo mtambo usimamishwe.

Kazi ya vipimatetemeko haiishi kisima kikianza kutoa mvuke. Maji yaliyopoa hurudishwa ardhini ili shinikizo lisishuke, na yanapopenya husababisha matetemeko madogo. The Geysers, eneo la jotoardhi kaskazini mwa California, huletewa maji machafu yaliyosafishwa kwa mabomba kutoka Lake County tangu 1997 na kutoka Santa Rosa tangu 2003, na mawingu ya matetemeko madogo huonyesha maji yanakokwenda chini ya ardhi. Picha za uwiano wa kasi hapo zimeonyesha pia sehemu ambazo nyufa zimekauka kwa kuvutwa mvuke mno. Wakazi wa karibu huhisi baadhi ya matetemeko hayo, nao wana haki ya kuonyeshwa takwimu bila kufichwa.

Kusini zaidi katika Bonde la Ufa kazi bado ni changa. Tanzania iliunda kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, mwaka 2013, na macho yameelekezwa Ngozi, ziwa lililo ndani ya kaldera mkoani Mbeya, na Kiejo-Mbaka, katika ukanda wa volkano za Rungwe. Volkano hizo zimefunikwa na msitu mnene na majivu mengi, kwa hiyo dalili za juu ni chache kuliko Olkaria, na kusikiliza kuna umuhimu zaidi. Mtandao wa vipimatetemeko ishirini hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kisima kimoja kirefu. Mara nyingi, hata hivyo, vifaa huja na mradi wa watafiti wa nje, hukaa mwaka mmoja au miwili, kisha hung'olewa na kurudi vilikotoka, na matetemeko yanayofuata hayasomwi na mtu. Serikali za ukanda huu na kampuni zinazopewa leseni ziweke vipimatetemeko vya kudumu kwenye kila volkano inayolengwa, angalau mwaka mzima kabla ya kuchimba, na rekodi zake zikabidhiwe vyuo vikuu vya nchini ili vijana wa hapa ndio wazisome.